Mkono na Chombo: Tahakiki ya Vitu Vitumikavyo

Neno uzuri likitajwa, mawazo ya watu wengi huenda moja kwa moja kwenye vitu vilivyofanywa ili vitazamwe: picha iliyotundikwa ukutani, kinyago kilichong'arishwa, kanga yenye maua. Vitu vya kazi havikumbukwi. Jembe, kata, bomba la maji na simu ya mkononi hupimwa kwa kipimo kingine, yaani kama vyafaa au havifai. Na mtu akisema kuwa jembe fulani ni zuri, aghalabu ana maana kuwa ni imara tu. Kwa desturi hii tahakiki imeachiwa vitabu, nyimbo na michezo ya kuigiza, na vitu tunavyovishika toka asubuhi hata usiku vimebaki bila mhakiki. Insha hii yataka kuvipeleka vitu hivyo mbele ya baraza lile lile ambalo mashairi hupelekwa, viulizwe maswali yale yale: Umefanywa kwa ajili ya nani? Wasema nini? Wasema kwa lugha gani? Na aliyekufanya alimwaza vipi yule atakayekutumia?

Mifano yangu naichukua katika Kitui na Makueni, na pale inapobidi kuvuka mipaka, nitavuka na kurudi. Nchi hii yafaa kwa uchunguzi wa namna hii kwa sababu mbili. Kwanza, Wakamba wana sifa ya zamani ya ufundi wa mikono. Minyororo yao myembamba ya waya ilijulikana mbali, na vigoda vyao vya miguu mitatu, vilivyotiwa nakshi za waya juu ya kikalio, vimehifadhiwa katika majumba ya makumbusho ya nchi nyingi. Biashara ya vinyago, iliyoanzishwa na Mutisya Munge wa Wamunyu, upande wa Machakos, baada ya Vita Kuu vya Kwanza, imelisha nyumba nyingi. Pili, nchi hii ni kavu na mvua yake haiaminiki. Mahali ambapo maji yako mbali, kosa la chombo hulipwa kwa miguu ya mtu. Kwa hiyo hapa si rahisi kulichukulia jambo la uzuri wa vyombo kama mchezo wa watu walioshiba.

Yafaa kwanza tufahamu jambo lenyewe tunalolihakiki. Chombo cha kutumiwa hakikamiliki katika karakana ya fundi. Hukamilika kinapokutana na mtu, kama vile mchezo wa kuigiza usivyokamilika katika kitabu mpaka upate waigizaji na watazamaji. Baina ya mkono na chombo huwa pana mazungumzo. Mpini husema, "Nishike hapa." Mkono hujibu kwa kushika. Chombo kikajibu tena kwa uzito wake, kwa sauti yake, kwa maji yanayotoka au yasiyotoka. Mazungumzo haya yaweza kuwa ya adabu au ya ufidhuli, ya wazi au ya mafumbo, na hapo ndipo mhakiki anapopata kazi.

Katika siku zetu mazungumzo hayo yamepata jina na wataalamu wake. Mwingereza Bill Moggridge alisanifu umbo la kompyuta ya kukunjwa iliyoitwa GRiD Compass, nayo ikatolewa mwaka 1982. Alikuwa amejishughulisha sana na kifuniko chake, bawaba zake na wembamba wake. Lakini alipoanza kuitumia mwenyewe aliona ajabu: baada ya muda mfupi mwili ule alioutolea jasho ulimtoka mawazoni, na akili yake yote ikazama katika mambo yaliyokuwa yakipita kwenye kioo. Hapo alitambua kuwa kazi ya msanifu haiishii kwenye umbo la nje. Hata mashauriano baina ya mtu na mashine yataka kusanifiwa. Yeye na mwenzake Bill Verplank, katika miaka ya 1980, waliipa kazi hiyo jina ambalo kwa Kiswahili twaweza kuliita usanifu wa maingiliano.

Jina ni jipya, lakini jambo lenyewe ni la kale. Wakati wa kiangazi mito mingi ya Kitui na Makueni, kama Tiva na Kaiti, haionyeshi maji juu, huonyesha mchanga. Maji yamo chini, na wanawake huchimba shimo katika mchanga na kungoja yajikusanye. Atakayechota hapo kwa ndoo atapata tope. Basi huchotwa kwa kata ya kibuyu. Tazama kata ile kwa makini. Kibuyu chenye shingo kikipasuliwa kwa urefu wake, tumbo huwa bakuli na shingo huwa mpini, wala hapana kiungo kinachoweza kulegea. Ukingo wake ni mwembamba, hivyo waweza kuteka maji ya kina cha vidole viwili. Ni nyepesi, hivyo haivurugi chini. Mpini waongoza mkono kushika penye uzani ulio sawa. Hakuna aliyeandika maelezo juu yake, na mtoto akipewa huitumia ipasavyo siku ile ile. Kwa kipimo cha mazungumzo, kata hii ni mfasaha kuliko vyombo vingi vya madukani.

Kiondo nacho chastahili kutazamwa. Zamani nyuzi zake zilitokana na maganda ya mbuyu na ya vichaka vya porini, na baadaye katani ikachukua nafasi kubwa. Mwanamke huanza katikati ya kitako, nyuzi zikitawanyika kama miale ya jua, kisha husuka akizunguka huku akiongeza nyuzi kadiri duara inavyopanuka. Chombo kinachopatikana hakina pembe. Kikiwa kitupu hulala. Kikijazwa mahindi hufuata umbo la mahindi, na kikiegemea mgongo hufuata umbo la mgongo. Ukanda wake, kwa desturi ya zamani, ulipita juu ya paji la uso, mikono ikabaki huru kumshika mtoto au kuendelea kusuka kiondo kingine njiani. Mistari ya rangi iliyomo haikubandikwa baadaye. Imo katika nyuzi zenyewe, na kuing'oa ni kukifumua kiondo. Hapo nakshi na kazi ni kitu kimoja.

Kiondo kilipopata soko Ulaya na Marekani, hasa katika miaka ya 1970 na 1980, kilibadilika. Ukanda wa paji la uso uliondoka, mikanda ya ngozi ya begani ikaingia. Kitambaa kikatiwa ndani, na kifungo juu. Wako wanaolia kwamba huko ni kuharibu sanaa. Mimi sioni hivyo. Mtumiaji amebadilika, na msusi mwerevu amemfikiria mwanamke wa London aendaye sokoni akiwa na funguo na fedha ndogo, ambaye hatabeba kuni. Kilio cha haki ni kingine: kiondo kinaposukwa kwa haraka, nyuzi zikalegea, rangi zikatoka kwa maji ya kwanza, kikabaki na sura ya kiondo bila tabia yake. Wahenga walisema, "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti." Methali hii ndiyo kanuni ya kwanza ya tahakiki yetu: sura isiyoungwa mkono na kazi ni deni ambalo mtumiaji atalilipa.

Sasa tutoke kwenye nyuzi twende kwenye chuma. Pote katika nchi kavu za Kenya, Kitui ikiwemo, mtu atakuta juu ya visima bomba la mkono liitwalo Afridev. Kulitazama tu hakupendezi. Ni kichwa cha chuma cha kijivujivu, mpini mrefu, na mdomo wa kutolea maji. Mpita njia hatasimama kulisifu. Lakini historia yake ni historia ya wazo zuri. Pampu nyingi zilizoletwa vijijini kabla yake zilikuwa imara zilipokuwa mpya, na zilipoharibika zilihitaji gari, mitambo ya kunyanyulia mabomba mazito, na mafundi kutoka mjini. Kijiji kilingoja. Katika miaka ya 1980, katika muongo ambao Umoja wa Mataifa uliuweka kwa ajili ya maji, majaribio yalifanywa Malawi na Kenya, hasa huko Kwale katika pwani ya kusini, ili kupata pampu ambayo wenyeji wenyewe wataweza kuitunza, na wanawake wakiwa wa kwanza kufikiriwa kwa sababu wao ndio wachotaji.

Matokeo yake ndiyo Afridev. Huweza kuvuta maji kutoka kina cha mita 45 hivi. Spana moja hutosha kuifungua. Sehemu zinazolika upesi huvutwa juu kwa kupitia ndani ya bomba, bila kuling'oa bomba lenyewe kutoka kisimani, na sehemu kadhaa ni za plastiki ambazo ni nyepesi na za bei ndogo. Fikiri, msomaji, maana ya spana ile moja. Msanifu aliyekaa mbele ya karatasi yake angeweza kutumia parafujo za ukubwa wa namna tano, naye asingepata taabu yoyote, kwa kuwa karakana yake ina spana za kila namna. Alipochagua ukubwa mmoja alikuwa amekwisha kuondoka kwa mawazo katika karakana ile, amefika kisimani, amesimama karibu na mwanamke mwenye mikono yenye grisi, na kumwuliza, "Mama, una nini mkononi?" Hilo ni tendo la ubunifu sawasawa na lile la mtunzi wa hadithi anayejitia katika nafsi ya mtu asiyefanana naye. Uzuri wa Afridev hauonekani ikiwa imefungwa. Huonekana siku inapofunguliwa.

Mhakiki, hata hivyo, hana ruhusa ya kusifu tu. Mpini wa Afridev ulipimwa kwa mtu mzima, na katika vijiji vyetu watoto nao huteka maji. Mtoto mdogo hulazimika kuning'inia mpinini kama nyani tawini. Tena pampu hii ni bubu. Ikianza kuchakaa ndani haimwambii mtu kwa wazi. Maji hupungua kidogo kidogo, mpini huzidi kuwa mwepesi au mzito, na watu huzoea, mpaka siku moja inakauka kabisa.

Ububu huu ulitafutiwa dawa katika Kyuso, upande wa kaskazini wa Kitui. Mnamo mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walijaribu kifaa kidogo kilichotiwa ndani ya mipini ya pampu za eneo hilo. Kifaa kile kilihisi mwendo wa mpini, kikakadiria maji yaliyotolewa, na kutuma habari kwa njia ya mtandao wa simu. Mpini usipotikisika kwa muda usio wa kawaida, fundi alijua kuwa kuna jambo. Kabla ya hapo pampu iliyoharibika ilikaa karibu siku 27 kabla ya kutengenezwa. Katika jaribio lile muda huo ulishuka chini ya siku 3. Siku 24 hizo, kwa mwanamke wa Kyuso, ni safari nyingi za mbali ambazo hakuzifanya.

Kwa upande wa sanaa, linalonivutia katika jaribio hili ni wazo lililotangulia kifaa. Mtu mmoja au wengi waliutazama mpini uendao juu na chini, wakauona kama kalamu iandikayo. Kila pigo ni herufi. Siku nzima ni ukurasa. Kimya ni ujumbe pia. Na mchotaji haongezewi kazi: hapigi simu, hajazi fomu, hajifunzi jambo jipya. Anachota maji kama jana, na kuchota kwake kumekuwa habari. Hata hivyo dosari moja yapaswa kutajwa. Pampu ile ilipata ulimi, lakini ilisema na fundi aliye mbali, haikusema na mama aliye mbele yake. Yeye aliyetoa habari zote hakujibiwa hata neno moja na mpini alioushika. Kwa kipimo cha mazungumzo, hapo ufasaha umepungua.

Nimelitaja neno kuona kitu kimoja kama kingine. Wanafunzi wa fasihi hulijua jambo hili kwa jina la istiara, na hudhani kuwa ni mali ya washairi. Wasanifu huitumia kila siku. Mwaka 1981 kampuni ya Xerox ya Marekani ilitoa kompyuta iitwayo Star, ambayo kioo chake kilifananishwa na meza ya karani: juu yake pana karatasi, majalada, na kasha la barua. Istiara hiyo ilikuwa na nguvu kubwa, kwa sababu mtu wa ofisini alijua tayari jinsi ya kutia karatasi ndani ya jalada, wala hakuhitaji kufundishwa amri za mashine. Karibu kompyuta zote zilizofuata ziliirithi meza ile.

Lakini istiara ina watu wake. Mshairi wa pwani akisema "jahazi la maisha yangu" kwa mtu ambaye hajaiona bahari, maneno yatafika na maana itachelewa. Vivyo hivyo mwanafunzi wa Mutomo au wa Kibwezi afunguaye kompyuta kwa mara ya kwanza huonyeshwa meza ya ofisi ambayo hajaikalia, na majalada ambayo hajayashika. Huambiwa kuwa alama ya kisahani cha mraba maana yake ni kuhifadhi kazi, na hajakiona kisahani kile, kwa maana kiliachwa kutumika kabla hajazaliwa. Hujifunza, ndiyo, kwa kuwa vijana ni wepesi. Lakini hujifunza kwa kukariri, kama akariraye shairi la lugha asiyoijua. Istiara iliyoundwa ili kuondoa mzigo wa kukariri imekuwa yenyewe mzigo wa kukariri. Si kosa la mwanafunzi, wala si upumbavu wa msanifu wa kwanza. Ni istiara iliyosafiri bila mkalimani.

Njia ya pili ya ubunifu ni kuigiza. Mmarekani Jeff Hawkins, kabla ya kutengeneza kompyuta ndogo ya mfukoni iitwayo Pilot, iliyotoka mwaka 1996, alikata kipande cha mbao cha ukubwa aliokuwa akiuwaza, akakitia katika mfuko wa shati lake. Mtu akimwuliza kama ana nafasi siku fulani, hukitoa, hujifanya anaandika juu yake kwa kijiti, kisha hukirudisha. Bila shaka waliomwona walistaajabu. Lakini kipande kile cha mbao kilimfundisha, kabla ya kutumia gharama kubwa, ni upana gani unaokwama mfukoni, ni uzito gani unaochosha, na ni mambo gani mtu huyahitaji kweli katika siku yake. Wachongaji wa Ukambani hawatahitaji kuelezwa faida ya kufikiri kwa mbao. Jambo la kuangalia ni unyenyekevu wa njia yenyewe: msanifu amekubali kuwa mwigizaji katika maisha ya mtumiaji kabla ya kumwuzia chochote. Wahenga walikwisha kusema: "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake."

Njia ya tatu ni kumtazama mtu atumiavyo kitu kinyume cha ulivyokusudia, na kumkubali kuwa mwalimu wako. Hapa mfano mkubwa ni wetu wenyewe. M-Pesa, ambayo Safaricom iliitoa kwa watu wote Kenya mwezi Machi 2007, haikuanza kama njia ya kutumiana fedha. Katika majaribio yaliyoanza mwaka 2005, yaliyoongozwa na Nick Hughes na Susie Lonie wa kampuni ya Vodafone, nia ilikuwa kuwasaidia wakopaji wadogo kupokea na kurudisha mikopo yao kwa simu. Wakopaji waliopewa chombo hicho walifanya mambo mengine. Walitumia fedha kwa jamaa zao. Waliweka fedha kabla ya safari wakazitoa walipofika. Walilipana wao kwa wao. Waongozi wa jaribio wangeweza kuwakataza. Badala yake waliangalia, na huduma ilipotolewa iliwekwa juu ya tendo lile ambalo watu walijichagulia: kutuma fedha nyumbani.

Ukiitazama huduma hii kama mhakiki, utaona kuwa nguvu yake imo katika kitenzi kimoja, kutuma. Kabla ya hapo, mtu wa Makueni aliyefanya kazi Nairobi au Mombasa alimpa fedha dereva wa basi, au ndugu aliyekuwa akienda likizo, akasema, "Mfikishie mama." Maneno ya simu yalifuata mpango huo huo: tuma pesa, kwa nani, kiasi gani, thibitisha kwa nambari ya siri. Hakuna meza ya ofisi wala majalada. Kisha pande zote mbili hupata ujumbe wa maandishi, kama vile mtume mwaminifu arudivyo na kusema, "Umefika." Tena ilifanya kazi katika simu za bei ya chini kabisa, zenye kioo kidogo kisicho na rangi. Mahali pengine huo ungeitwa umaskini wa sura. Mimi nauita kiasi, na kiasi ni sifa ya sanaa.

Walakini palikuwa na ufa. Dereva wa basi alimjua mama kwa uso. Simu ilimjua kwa tarakimu tu. Kidole kikikosea tarakimu moja, fedha za karo zilimfikia mgeni. Tarakimu hazina uso. Dawa iliyokuja baadaye ilikuwa kumwonyesha mtumaji jina la mpokeaji, na kumpa nafasi fupi ya kuzuia kabla fedha hazijaondoka. Tendo hilo dogo lilirudisha uso uliopotea. Angalia jinsi kasoro ya usalama ilivyotibiwa kwa jambo la ubunifu: mtu fulani alijiuliza kitu gani kilikuwapo watu walipopeana fedha mkono kwa mkono, ambacho sasa hakipo.

Uko ufa mwingine ambao haujazibika, nao ndio ulionifanya niandike insha hii. Fikiri juu ya bibi mzee aliye katika kijiji cha mbali na mji wa Wote. Hakusoma. Macho yake yamepungua nguvu. Lugha yake ni Kikamba, na maneno yaliyo katika simu yake ni ya Kiingereza au ya Kiswahili. Mwanawe amemtumia fedha. Ili azipate, humwita mjukuu amsomee ujumbe. Na zikitakiwa kutolewa, humtajia mjukuu au mwenye duka ile nambari ambayo ameambiwa asimtajie mtu yeyote. Chombo kimeweka siri, kisha kimemnyima mwenyewe njia ya kuitunza. Kama mjukuu ni mwema, fedha ziko salama, lakini heshima yake imeguswa: mtu mzima aliyezoea kufunga fedha zake katika pindo la nguo sasa huhesabiwa fedha zake na mtoto. Kama mjukuu si mwema, sote twajua mwisho wake.

Watu husema juu ya bibi kama huyu kuwa hajui kutumia simu. Mhakiki ageuze sentensi hiyo: simu haijui kutumiwa na bibi. Shairi lisiloeleweka na msomaji mmoja huenda msomaji ana makosa. Lisipoeleweka na wasomaji maelfu wa rika moja, mtunzi naye aulizwe. Je, nambari ndiyo siri ya pekee anayoweza kuishika? Mwanamke aliyeweza kuhesabu nyuzi za kiondo, na kukumbuka mpangilio wa rangi zake bila kuandika, ana kumbukumbu ya mikono na macho iliyo kali kuliko yetu. Sauti ya lugha yake, alama za kuguswa, mpangilio wa rangi, vyote ni milango ambayo msanifu angeweza kuibisha kama angeanza na mtu huyu badala ya kumalizia naye.

Wala tusidhani kuwa watumiaji wenyewe ni watu wa kungoja tu. Kubipu ni ushahidi. Gharama ya kupiga simu ilipokuwa kubwa, watu walianza kupiga na kukata kabla ya kujibiwa. Na mlio ule usiolipiwa ukawa lugha: mara moja, nimefika. Mara mbili, nipigie. Mtaalamu Jonathan Donner aliandika mwaka 2007 juu ya kanuni za kubipu katika Afrika, na mojawapo ni kwamba aliye na uwezo zaidi ndiye anayetarajiwa kupiga na kulipa. Hakuna kampuni iliyosanifu jambo hilo. Watu walichukua ukimya na mlio, wakatunga alfabeti.

Yamkini msomaji atauliza: "Mwenye kiu hatazami nakshi. Kwa nini tuzungumze habari za uzuri mahali ambapo maji hayatoshi?" Swali hili ni la haki. Lingekuwa na nguvu kama uzuri ungekuwa rangi inayopakwa juu baada ya kazi kwisha. Lakini tumeona kuwa uzuri wa kata umo katika ukingo wake, wa Afridev umo katika spana yake moja, na wa ujumbe wa fedha umo katika jina linaloonekana kabla ya hasara. Katika mifano hiyo yote, kuondoa uzuri ni kuondoa maji, au muda, au heshima. Mwenye vingi akipata chombo kibaya hununua kingine. Asiye na kitu hukaa nacho. Basi anayestahili kufikiriwa kwa ubunifu mkubwa zaidi ni yule ambaye kosa la msanifu litamkalia miaka mingi.

Ninyi mnaosoma insha hii mmefundishwa kuhakiki shairi: kutafuta dhamira yake, istiara zake, sauti yake na hadhira yake. Chukueni ujuzi huo huo mtoke nao nje ya darasa. Simameni kisimani mhakiki mpini. Keti na mzee anapofungua simu, wala usimnyang'anye kumsaidia. Tazama kidole chake kinaposita, kwa maana kila kinaposita pana sentensi mbaya iliyoandikwa na mtu wa mbali. Chonga kipande cha mbao au ukate kasha la karatasi, uigize kile unachofikiri kingefaa, umpe yeye akishike kwanza. Wengine kati yenu mtakuwa wahandisi, wengine mafundi, wengine makarani wa serikali watakaochora fomu ambazo raia watalazimika kuzijaza. Wote mtafanya vitu ambavyo mikono ya wengine itavishika ninyi mkiwa hampo, na kile chombo ndicho kitakachosema kwa niaba yenu.